Chanjo hufanya nini mwilini, na mbona ya SIDA haijapatikana? Maswali tunayoulizwa Goma

Tangu chanjo ya mpox ianze kutolewa hapa Goma tarehe 5 Oktoba 2024, hakuna kikao cha uhamasishaji kinachomalizika bila SIDA (UKIMWI) kutajwa. Tunaongea mpox, tunaongea surua ya watoto, halafu mtu wa nyuma anauliza: na ile ya SIDA je? Nimekusanya hapa maswali yanayorudi kila mara katika mitaa yetu: Birere, Ndosho, Majengo, Keshero. Mengine nimeyajibu kwa maneno machache. Yale ambayo watu huondoka nayo moyoni nimeyapa nafasi.

Chanjo ikishaingia mkononi, inafanya nini hasa?

Dawa iliyo ndani ya sindano haiui kirusi chochote. Inaonyesha mwili sura ya kirusi, na kazi yote iliyobaki ni ya mwili wenyewe.

Pale sindano ilipoingia, seli za ulinzi zinameza vipande vya chanjo na kuvipeleka kwenye tezi zilizo karibu, mara nyingi zile za kwapani. Ndani ya tezi hizo zimejaa seli nyeupe mamilioni kwa mamilioni, na kila moja imezaliwa na umbo lake la kushikia kitu. Nyingi haziwezi kushika kipande kilicholetwa. Chache zinaweza, tena kwa ulegevu. Hizo chache ndizo zinazoanza kuzaana. Zinapozaana zinabadilika kidogo kidogo, na zile zinazoshika vizuri zaidi ndizo zinazoruhusiwa kuendelea. Baada ya wiki kadhaa mwili una seli zinazomwaga kingamwili kwenye damu, yaani protini ndogo zinazong'ang'ania uso wa kirusi kisiweze kuingia kwenye seli. Sambamba na hizo kuna seli nyingine zinazotafuta seli zetu zilizokwisha kuvamiwa na kuziua kabla hazijazaa virusi wapya.

Kazi ikiisha, nyingi ya seli hizo hufa, ila baadhi hubaki miaka mingi. Hizo ndizo kumbukumbu. Kirusi halisi kikija, mwili hauanzi mwanzo. Unajibu kwa siku chache badala ya wiki mbili.

Watu wengi hudhani aliyechanjwa hawezi kuguswa na kirusi tena. Kwa magonjwa mengi si hivyo. Kirusi kinaweza kuingia na hata kuzaana kidogo, lakini kinazidiwa mbio. Surua, kwa mfano, hukaa mwilini siku kumi au zaidi kabla mtoto hajaanza kuumwa, na muda huo unatosha kumbukumbu kuamka. Nawaomba mlishike jambo hili la mbio, tutalihitaji tutakapofika kwenye SIDA.

Mbona mkono unavimba na homa inanipata?

Ni mwili unafanya kazi niliyoieleza hapo juu. Siku moja au mbili inatosha. Homa ikizidi siku tatu, rudi kituoni, kwa sababu malaria haingojei ratiba ya chanjo.

Ndani ya chanjo kuna ugonjwa wenyewe?

Inategemea chanjo. Ya surua na ya homa ya manjano zina kirusi hai kilichodhoofishwa. Ile ya polio ya sindano ina kirusi kilichouawa. Ya homa ya ini aina ya B ina protini moja tu ya uso wa kirusi, basi.

Ya Ebola tuliyopewa Kivu, Ervebo, ina kirusi kingine kabisa, cha ng'ombe na farasi, kilichovishwa protini ya uso ya Ebola. Haina Ebola nzima, kwa hiyo haiwezi kumpa mtu Ebola. Na hii ya mpox, inayoitwa MVA-BN, ina kirusi ndugu wa ndui kilichofugwa kwenye maabara hadi kikapoteza uwezo wa kuzaana katika mwili wa binadamu. Kinaingia, kinaonekana, kinaishia hapo.

Baba yangu ana kovu la chanjo ya ndui. Mpox haimpati?

Kovu hilo lina faida bado. Ndui na mpox ni virusi vya ukoo mmoja, na utafiti uliofanywa hapa kwetu, enzi za Zaire, miaka ya 1980, ulikadiria kwamba chanjo ya ndui ilikinga dhidi ya mpox kwa takriban asilimia 85. Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980 na chanjo ikaachwa, kwa hiyo waliozaliwa baadaye hawana kumbukumbu hiyo. Mpox ya aina mpya ilipoanza kuenea Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023 ilikuta vijana wengi wazi kabisa. Lakini tazameni vizuri kovu lenyewe: vijana wengi wana kovu dogo la BCG mkononi, na hilo ni la kifua kikuu, halihusiani na ndui. Na mzee akiitwa kuchanjwa, aende, kwa sababu kinga hupungua na miaka.

Mtu mwenye VVU, yaani kirusi cha SIDA, ana kingamwili kwenye damu, ndizo zinazopimwa. Mbona hazimponyi?

Aliyeuliza hivi mara ya kwanza alikuwa mwanafunzi wa sekondari, na nadhani hakuna swali zuri kuliko hili.

Kumbuka kipimo cha haraka kinavyofanyika. Muuguzi anakuchoma ncha ya kidole, tone la kwanza analifuta kwa pamba, la pili analiweka kwenye kikaratasi, anaongeza tone la maji ya kipimo, mnangoja dakika 15. Mstari mmoja, hakuna kilichoonekana. Ikitokea miwili, anarudia kwa kipimo cha aina nyingine kabla ya kukupa jibu. Sasa, mstari ule wa pili haukuchorwa na kirusi. Umechorwa na kingamwili zako mwenyewe. Mwili wako umekiona kirusi, umejibu, umetengeneza kingamwili nyingi.

Shida ni kwamba kingamwili nyingi za mwanzo zinashika sehemu za kirusi zisizo na maana, au zinashika kirusi cha wiki iliyopita ambacho tayari kimebadilika. Kuwa na kingamwili na kuwa na kinga ni mambo mawili. Kinachohitajika ni kingamwili inayoshika mahali pale pale kirusi kinapopatumia kuingilia kwenye seli, ishike kwa nguvu, na iwepo kabla kirusi hakijafika.

Kwa sababu hiyo hiyo mtoto wa mama mwenye VVU hathibitishwi kwa kipimo hiki kabla hajafikisha miezi 18: kingamwili za mama bado zinazunguka ndani yake, na mstari ungetokea hata kama mtoto ni mzima. Anapimwa kwa mashine inayotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Mama, ukiona mistari miwili kwa mtoto wa miezi mitano usilie kwanza. Uliza kipimo hicho kingine.

Chanjo ya Ebola ilikuja haraka. Ya SIDA miaka arobaini sasa. Wazungu wanatuficha?

Nitajibu kwa urefu, kwa sababu wanaouliza hivi wamezika watu.

Kwanza, chanjo ya Ebola haikuja haraka. Ugonjwa ulijulikana Yambuku, hapa Kongo, mwaka 1976. Chanjo hii ilitengenezwa kwenye maabara Kanada, na mwaka 2005 ilikwisha kuonekana inakinga nyani. Ikakaa. Ilijaribiwa kwa watu wengi Guinea mwaka 2015, baada ya maelfu kufa Afrika Magharibi. Miaka kumi ilipotea kwa sababu Ebola ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa vijiji visivyo na pesa. Kwa hiyo anayeshuku hana wazimu. Uzembe wa namna hiyo upo, na umetuua.

Lakini SIDA ni habari nyingine. Imeua matajiri na maskini, New York na Paris kama Kinshasa. Aprili 1984 waziri wa afya wa Marekani, Margaret Heckler, alisema hadharani kwamba chanjo ingekuwa tayari kujaribiwa baada ya miaka miwili hivi. Fedha nyingi zimetumika tangu siku hiyo. Na mfano ulio karibu nasi zaidi ni huu: Novemba 2019, watu wa Goma walianza kupewa chanjo ya pili ya Ebola, ya Johnson & Johnson, dozi mbili zilizopishana siku 56. Dozi ya kwanza ilibebwa na kirusi cha mafua kisichoweza kuzaana, kinachoitwa Ad26. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa imechukua mbebaji huyo huyo, Ad26, ikampakia protini za VVU, ikamjaribu kwa wanawake wapatao 2,600 wa Afrika Kusini na nchi jirani zake. Ile ya Ebola iliidhinishwa Ulaya mwaka 2020. Ile ya VVU ilisimamishwa Agosti 2021 kwa sababu haikukinga vya kutosha. Mbebaji mmoja, kampuni moja, nia moja. Kilichotofautiana ni kirusi.

Na hapa ndipo penye kiini. Ebola inaua vibaya, lakini anayepona amepona kweli. Wakati wa mlipuko wa Kivu, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wale waliopona, tuliowaita washindi, ndio waliowabeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa kwenye kituo cha matibabu. Waliweza kuwakaribia kwa sababu damu yao ilikuwa imejifunza. Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtafiti wetu wa Ebola, alilifuata wazo hilo tangu mlipuko wa Kikwit mwaka 1995: wagonjwa wanane waliongezewa damu ya waliopona, saba wakaishi. Idadi hiyo ni ndogo, haithibitishi jambo peke yake. Lakini kutoka kwa mshindi mmoja wa Kikwit ilichukuliwa kingamwili iliyozalisha dawa ya Ebola inayoitwa Ebanga, na dawa hiyo ikajaribiwa huku huku Kivu. Yaani mwili wa Mkongo ulitoa jibu, sayansi ikalinakili.

Chanjo nyingi tulizo nazo zinanakili jibu la namna hiyo. Surua, ndui, homa ya manjano: kuna waliougua wakapona na hawakuugua tena. Kwa VVU hakuna wa kunakiliwa. Mwili ukiachwa peke yake haujawahi kuonekana ukikifukuza kirusi hiki, isipokuwa kwa watu wachache mno duniani. Hapa Kongo, watafiti walichapisha mwaka 2021 matokeo ya sampuli za damu za miaka mingi, wakakuta hadi watu 4 kati ya 100 wenye VVU wanakizuia kirusi bila dawa, kiwango cha juu kuliko kwingine. Ni habari nzuri na inafuatiliwa. Hata hivyo hao nao wanacho bado, wamekibana tu.

Kwa hiyo anayetafuta chanjo ya SIDA anauomba mwili ufanye jambo ambalo maumbile hayajaufundisha.

Ni nini hasa kinachokifanya VVU kiwe kigumu hivyo?

Mambo matatu, na yanasaidiana.

La kwanza ni kubadilika. Kila kinapojinakili kinafanya makosa, na makosa hayo yanakipa sura mpya. Fikiria polisi wa mpakani pale Petite Barrière aliyepewa picha ya mtu wa kuzuia, na mtu huyo kila asubuhi anapita na uso mwingine, tena si yeye peke yake, ni ndugu elfu. Isitoshe, kirusi hiki kilianza kuenea Kinshasa mnamo miaka ya 1920; sampuli ya zamani kuliko zote iliyothibitishwa ilichukuliwa Léopoldville mwaka 1959. Kimepata karne nzima ya kutawanyika, na hapa Kongo ndipo aina zake zilipo nyingi kuliko popote. Chanjo inayofaa kwa aina moja inaweza isifae kwa ya jirani.

La pili, uso wake umefunikwa na sukari, sukari zile zile zinazofunika protini zetu. Mwili unaona kama kitu chake na kupita. Sehemu zisizobadilika, zile ambazo kingamwili ingefaa kuzishika, ziko ndani ya mikunjo.

La tatu ndilo baya kuliko yote. Kinaingia kwenye seli za CD4, ambazo ndizo zinazoratibu kinga yenyewe, na kinashona vinasaba vyake ndani ya DNA ya seli hiyo. Seli ikilala, kirusi kinalala nayo, hakuna kingamwili wala dawa inayokiona. Haya yanatokea ndani ya siku chache tangu kuambukizwa. Mnakumbuka zile mbio? Surua inakupa siku kumi. VVU hakikupi nafasi hiyo: kumbukumbu ikichelewa kuamka, kirusi kimeshahamia moja kwa moja. Chanjo ya SIDA inatakiwa izuie mlangoni, karibu kila mara.

Basi majaribio yamefika wapi?

Yaliyoshindwa ni mengi. Moja tu lilionyesha dalili: Thailand, watu zaidi ya 16,000, matokeo ya mwaka 2009, kinga ya takriban asilimia 31. Afrika Kusini walijaribu kuliboresha, wakasimamisha Februari 2020. Jaribio la Uganda, Tanzania na Afrika Kusini nalo liliacha kuchanja Desemba 2023.

Njia inayonipa matumaini ni nyingine. Watu wachache wanaoishi na VVU, baada ya miaka, hutengeneza kingamwili zenye uwezo wa kushika aina nyingi za kirusi. Kwao zinachelewa, lakini kuwepo kwake kunaonyesha kwamba mwili unaweza. Seli zinazozaa kingamwili hizo ni adimu na zinaanza zikiwa hazijui chochote. Wazo ni kuzisomesha kwa hatua: chanjo ya kwanza iziamshe, ya pili izisukume, ya tatu izinoe. Jaribio la hatua ya kwanza, matokeo yake ya mwaka 2022, liliziamsha kwa watu 35 kati ya 36. Baadaye hatua hiyo ilijaribiwa pia Kigali, hapa karibu tu, na Afrika Kusini, na karibu wote waliitikia. Kwenye majaribio ya njia hii baadhi ya watu walitokwa na upele wa kuwasha, na ni lazima sababu ieleweke. Hatua zote kwa pamoja bado hazijathibitishwa kumkinga mtu yeyote. Na mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada, utafiti uliokuwa ukiongozwa na Waafrika wenyewe uliumia. Hilo linanikasirisha kuliko jaribio lolote lililoshindwa.

Nimesikia kuna sindano ya miezi sita. Hiyo si chanjo?

Hapana, ni dawa. Inaitwa lenacapavir, inadungwa chini ya ngozi ya tumbo mara mbili kwa mwaka. Inalibana ganda la ndani la kirusi kisiweze kufanya kazi. Kwenye jaribio la Afrika Kusini na Uganda, kati ya wanawake 2,134 waliopewa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025. Haiufundishi mwili kitu; dawa ikiisha, kinga imeisha, ndiyo maana tarehe ya kurudi haichezewi. Uliza kituo chako walicho nacho, hasa vidonge vya PrEP, ambavyo vinakinga vizuri vikimezwa sawasawa.

Baada ya kubakwa, tunaambiwa tufike kabla ya masaa 72. Ni chanjo wanayotoa?

Ni dawa za ARV za siku 28, zinazokizuia kirusi kabla hakijajishona kwenye DNA. Saa 72 ndio mwisho wa dirisha. Ukifika saa ya pili ni bora kuliko saa ya sabini. Pamoja na hizo, kama hukuchanjwa homa ya ini B, utachanjwa, kwa sababu kirusi hicho kinachukua wiki nyingi kabla ya kuleta ugonjwa na chanjo inaweza kukitangulia. Kichaa cha mbwa pia ni hivyo. Dada, usioge kwanza kama unaweza, usingoje kujadiliana na familia, nenda. Na kama saa 72 zimekwisha kupita, nenda vile vile. Kuna matibabu mengine yanayokungoja.

Ninaishi na VVU. Nichanjwe au chanjo itaniua?

Chanjwa, na umwambie muuguzi hali yako kwa sauti ndogo kama unaogopa masikio. Hii ya mpox haizaani mwilini, kwa hiyo inakufaa. Tena unaihitaji kuliko wengine, maana mpox humshambulia vikali mtu ambaye VVU vyake havijatibiwa. Chanjo za virusi hai, kama homa ya manjano, zinategemea CD4 zako, ndiyo maana muuguzi lazima ajue. Mtoto mwenye VVU apate surua isipokuwa kinga yake imeshuka sana.

Na ukimeza ARV vizuri mpaka kirusi kisionekane kwenye kipimo cha wingi, humwambukizi mwenzako kwa tendo la ndoa. Linathibitishwa na tafiti, si faraja ya kukutuliza.

Wote mtaani wamechanja surua. Wangu akikosa, si atalindwa na wao?

Kwa surua inatakiwa watoto 95 kati ya 100 wawe wamekingwa. Kwa mji ambao watu wanahama usiku kwa usiku hatufiki hapo. Mlipuko uliokuwa ukienea nchini mwaka 2019 uliua zaidi ya watu 6,000, wengi watoto. Surua pia hufuta kumbukumbu za kinga za magonjwa mengine ambazo mtoto alikwisha kujipatia. Mpeleke akifikisha miezi tisa.

Nilipata dozi ya kwanza ya mpox, vita vikatuhamisha, siku 28 zimepita zamani. Nianze upya?

Hapana. Kumbukumbu haikufutika. Nenda kituo chochote kinachotoa chanjo hiyo, upate ya pili, mambo yamekamilika. Na watoto wale wa chanjo za wiki 6, 10 na 14 ni vile vile: wanaendelea pale walipoachia. Kama kadi ilibaki kambini au iliungua, usiogope kufika bila kadi. Muuguzi atafungua nyingine, na akikupokea kwa ukali, kaa hapo hapo mpaka mtoto achanjwe.